Tupeane uzoefu: Ulishawahi kukaa ndani wiki au miezi bila kutoka nje? Ilikuwaje na ulitokaje?

Popo wa Tabata (mtoa uzi)

Wakuu salaam.

Jana usiku natafuta chaja chini ya kitanda nikavuta kiatu, ile mokasini ya ngozi niliyokuwa navaaga kwenye usaili, nakuta imeota ukungu mweupe kama mkate uliosahaulika kabatini. Nikakaa chini nikaanza kuhesabu. Mara ya mwisho kukivaa ilikuwa mwanzoni mwa mwezi wa pili na sasa hivi masika yenyewe ndo inaishia, yaani miezi mitatu na nusu sijavuka geti.

Siumwi, sidaiwi (sana), sijafiwa. Niko Tabata huku chumba masta, choo ndani, jiko la gesi nimelibana kwenye kona. Naelezea hivyo mjue ilivyo rahisi. Luku nanunua kwa simu, maji yapo ya tenki, chakula kuna dada wa mgahawa namtumia meseji anamtuma dogo analeta mpaka dirishani, kodi naitupia M-Pesa na mwenye nyumba mwenyewe anakaa Kibaha hata hatuonani. Kazi yangu ni kusikiliza sauti za watu na kuziandika kwenye kompyuta, nalipwa kwa dakika za sauti, na bosi sijawahi hata kuiona sura yake.

Ilianzaje? Kuna kazi nilifika usaili wa mwisho, tukabaki watatu wakachukua wawili. Nikasema wiki hii napumzika. Tatizo nilishawaambia majirani, si unajua furaha, basi kila nikitoka kuanika nguo "vipi kule wameshakuita?" Nikaanza kusikilizia korido iwe kimya ndo nitoke. Baadae nikawa natoka saa saba usiku. Baadae nikafunga kamba ndani nikawa naanika humuhumu, na feni inasaidia. Sikuwahi kukaa nikaamua kwamba sitoki tena, ni siku moja moja tu zimejipanga.

Sasa nipeni uzoefu wenu waliowahi kukaa ndani muda mrefu, kwa sababu yoyote ile. Wale wa "nenda gym" mpite kushoto tafadhali.

Kiazi Kitamu

Miezi mitatu na nusu?? Mkuu si utakuwa mweupe kuliko wale wa mkorogo 😂😂 nimekaa paleee nasubiri wenye stori.

Dereva Mstaafu

Mimi sikupenda, nililazwa na pikipiki. Nilikuwa boda Dumila, fuso likanisukuma nikaenda mtaroni, paja likavunjika. Hospitali wakaweka chuma ndani, baada ya hapo nikapelekwa Kilosa kwa bi mkubwa, miezi mitano chumba kimoja dirisha moja.

Wiki mbili za kwanza ni sherehe, kila mtu anakuja na machungwa na juisi mpaka unasema kumbe napendwa hivi. Wiki ya tatu wanapungua. Mwezi wa pili anakuja mtu mmoja, naye kaja kuulizia kama pikipiki unaiuza.

Kilichonishangaza ni masikio. Nilikuwa najua saa bila simu. Adhana ya alfajiri, halafu baiskeli ya muuza maziwa ina kengele mbovu inakwaruza, halafu ile rimu ya gari wanayogonga shule ya msingi saa moja na nusu, saa nne uji wa watoto kelele zinapanda, mchana kimya kabisa mpaka unasikia kuku anavyotembea. Mtaa mzima nilikuwa nauona kwa masikio. Jirani mmoja aligombana na mkewe mpaka wakapatana na mimi ndo shahidi pekee wa kesi nzima.

Siku ya kwanza kutoka na magongo nilifika kwenye mwembe nikataka kuanguka, na siyo mguu, macho! Kila kitu kilionekana kiko mbali mno. Miezi mitano macho yanagota ukutani hatua nne tu, ukija kuyaonesha mlima yanagoma. Mguu wenyewe ulikuwa umekonda kama mti wa mhogo.

Mtoa uzi mimi nilikuwa nautazama mlango kila siku nautamani. Wewe unao, haujafungwa, na huutaki. Sikulaumu, nashangaa tu.

Bi Asumini

Asalaam aleikum. Mie niko Unguja, umri wangu ushakwenda, uzi huu kanionesha mjukuu.

Mie nimekaa eda. Baba watoto alifariki, nikakaa miezi minne na siku kumi kama dini ilivyosema. Wasiojua, mjane wa Kiislamu hukaa nyumbani muda huo, hajipambi, hatii manukato wala hina, hatoki ila kwa dharura kama hospitali. Na kama ana mimba eda yake huisha akijifungua. Mie nlikuwa sina mimba kwa umri huu alhamdulillah.

Sasa wengi hudhani mtu akiwa eda yuko peke yake. Wallahi sikupata hata nafasi ya kulia kwa raha! Alasiri ikifika tu hodi hodi, huyu kaleta mkate wa ufuta, huyu kaja na ukili wake anasuka hapo hapo huku ananpa khabari za mtaa, mtoto wa jirani ananletea samaki kutoka Malindi na kila siku ananpunja chenji nami nanyamaza maana ndo furaha yake. Nlikuwa najua nani kaposwa na nani kaachwa kuliko wanaotembea.

Na tarehe nlikuwa naijua. Nliandika kwa penseli nyuma ya mlango wa kabati, kila siku kistari. Siku ya mwisho ilipofika ndo nkaogopa, kwani nlijua nkitoka sasa mie ni mjane kweli, huko nje hayupo. Shoga yangu akanshika mkono tukaenda mpaka kwa dada yangu tukarudi, basi, siku ya kwanza ikawa hiyo.

Nnachotaka kukuuliza mwanangu. Yako inaisha lini? Na nani anakubishia hodi?

Popo wa Tabata (mtoa uzi)

Bibi shikamoo. Nimesoma mara tatu. Anayenibishia hodi ni dogo wa msosi, na hata yeye nilimwambia asibishe, agonge dirisha aweke aondoke.

Tarehe sina.

mama wawili

Bibi kasema kweli, ndo kama arobaini ya uzazi. Mimi wa kwanza mama alikuja kutoka Korogwe, nakandwa maji ya moto napiga makelele, uji wa pilipili manga asubuhi mchana jioni, kutoka nje hamna, nikawa nahesabu siku kama mfungwa. Wa pili mama hakuweza kuja, baba mtoto kazini mpaka usiku, hakuna aliyenikataza kutoka wala kuniangalia. Nilikaa ndani miezi minne na nilikuwa nalia bila sababu. Sikujua kama nami ninaumwa mpaka dada wa kliniki aliponiuliza "na wewe mama unalalaje" nikamwaga machozi pale pale mbele ya foleni.

Mzigo Njiani

Mimi Kigali 2020. Nilienda na biashara ya vitenge, nimefikia Nyamirambo, kule Kiswahili kinapanda hata hujisikii ugenini. Tarehe 21 mwezi wa 3 usiku wakafunga nchi kwa ajili ya korona. Wakasema wiki mbili. Zikaisha wakaongeza. Wakaongeza tena. Tumekuja kuachiwa tarehe 4 mwezi wa 5, na hapo saa mbili usiku wote ndani.

Kutoka ilikuwa ni chakula au hospitali basi, na wenzetu kule sheria ni sheria, siyo hii yetu ya kuongea na afande vizuri. Nyumba ile tulikuwa wanne, mimi, Mkongo wa Bukavu, na vijana wawili wa hapohapo. Hela ikakata wiki ya tatu. Wale viongozi wao wa nyumba chache chache walikuwa wanapita na mchele, maharage na unga kwa wasio na kitu, wakatuandika na sisi, hilo sitalisahau. Drafti tumecheza mpaka vizibo vikachakaa.

Kilichoniuma ni mke wangu Kahama. Bongo hawakufungia watu, shule tu zilifungwa, basi ananipigia video yuko sokoni watu wamebanana anaonesha nyanya, mimi nimekaa kwenye ndoo nakodolea macho. Nikawa namwambia geuza simu nione barabara. Anageuza. Naangalia bajaji zinapita dakika kumi bila kusema kitu, ananiuliza uko hewani? Niko hewani.

KejaBoy254

Niaje watu wa Bongo. Mimi niko Kasarani kwa bedsitter, nafanya kazi ya mtandao, na naweza kukaa wiki mbili sijatoka na niko poa kabisa. Mnaongea ni kama kila mtu anayekaa ndani ni mgonjwa. Nairobi ukitoka tu thao (elfu moja) imeenda na hujui imeenda wapi. Ndani niko na ugali wangu, sukuma wiki ya mama mboga wa ghorofa ya chini, mpira. Wengine wetu ndivyo tulivyo tangu utoto.

Lakini bro, wewe ulianza kuanika nguo ndani ndiyo watu wasikuulize swali. Hapo ndipo tunaachana. Mimi mtu akibisha nafungua.

Nimerudi Tanga

Nilikuwa Maskati kazi za ndani miaka miwili. Familia siitaji na sina nia ya kuitaja. Pasi yangu ya kusafiria walikaa nayo wao. Kutoka kwangu ilikuwa kupeleka taka kwenye lile pipa kubwa la mtaani, dakika nne kwenda na kurudi, na nilikuwa naomba uchafu uwe mwingi niende mara mbili. Jua la mwezi wa sita kule linaunguza mpaka ukigusa kitasa cha geti unaruka, ila nilikuwa naenda.

Aliyeniokoa akili ni bibi wa ile nyumba, mama mzazi wa baba mwenye nyumba. Alizaliwa Unguja akaondoka msichana mdogo, Kiswahili chake cha zamani kitamu. Wakilala wote ananiita "njoo tuzungumze" ananiuliza kama embe dodo bado zipo. Ananiuliza kila siku hilo hilo na mimi namjibu zipo bibi.

Niliporudi Tanga nilidhani nitatembea mpaka viatu viishe. Wapi! Nilikaa ndani wiki sita kwa hiari yangu. Ngamiani nimezaliwa mimi, nimekulia kule, lakini mdogo wangu alikuwa ananishika mkono kuvuka barabara, boda zinanitisha. Unamtoa mtu ndani, ndani inachelewa kumtoka.

Sindano Polepole

Mimi ni nesi, kwa kifupi tu sitaki kuwa mhubiri. Kukaa muda mrefu bila kutembea misuli inasinyaa, na mifupa inahitaji vitamini D ambayo mwili unaitengeneza kwa jua, na usipopata mwanga wa asubuhi usingizi unageuka, mchana unalala usiku macho. Wajapani wanaojifungia hivi miezi sita na zaidi wana jina lao kabisa, hikikomori, kwao ni suala la kitaifa. Mtoa uzi kama kuna siku unaona heri usingeamka, hiyo siyo ya kuomba uzoefu mtandaoni, hiyo nenda kituo cha afya ukaseme kama alivyosema mama wawili. Kama haijafika huko, anza na mlango tu. Ufungue ukae mlangoni uoshe vyombo.

Kiazi Kitamu

Nilikuja kucheka nimejikuta nampigia mama yangu. Uzi gani huu.

Popo wa Tabata (mtoa uzi)

Mrejesho.

Nesi, hapana, haijafika huko, asante kwa kuuliza moja kwa moja. Mlango nilifungua juzi nikaosha vyombo pale. Jirani wa chumba cha tatu akapita akasema "aah kumbe upo" akaendelea na safari yake. Hakuuliza habari ya kazi. Yaani nimejificha miezi mitatu na nusu swali ambalo mwenyewe ameshalisahau.

Jana saa kumi na mbili jioni nikatoka. Nimevaa ndala, ile mokasini nimeitupa. Kutoka getini mpaka dukani ni kama hatua mia na ishirini, nilihesabu kwa sababu miguu ilikuwa inatetemeka nikataka kujua nimebakiza ngapi. Wamejenga fremu mbili mpya na ule mti wa mwarobaini wameukata, nikasimama pale kama mgeni anayeuliza njia.

Mangi kaniangalia, kaniangalia, akasema "Bro! Ulisafiri?"

Nikamwambia eeh nilisafiri.

"Za huko?"

Nzuri tu.

Nikachukua mkate na blubendi nikaondoka haraka. Leo nataka kurudi kununua sukari ila kuna tatizo, nikiwa nageuka alinisindikiza na "haya, zawadi ya safari utaniletea kesho", na hapa ndani nimeangalia kila kona sioni kitu kinachofanana na zawadi ya kutoka mkoani. Bibi Asumini ule mkate wa ufuta unapatikana Dar?