Naomba ushauri: deni la ndugu lisilo na maandishi, Universal Credit
Habari zenu wanajamvi. Namsaidia mtu aliyeomba Universal Credit, yaani msaada wa serikali ya Uingereza kwa wenye kipato kidogo. Alikuwa na akiba ya pauni 18,400, akamlipa kaka yake deni la 7,000, zikabaki 11,400. Kwa kiasi hicho angekatwa pauni 95.70 tu kwa mwezi kwenye msaada huo. Ofisa mwamuzi kamnyima yote: eti alizitoa makusudi ili ashuke chini ya 16,000, kikomo cha akiba ambacho ukikizidi hupati msaada. Lakini kanuni ya 50 ya Kanuni za Universal Credit za mwaka 2013 hailihesabu deni lililolipwa kuwa ni kujiondolea mali.

Tatizo, walikopeshana kwa mdomo, kama ndugu wengi tu. Tunayo taarifa ya benki inayoonyesha zile 7,000 zikiingia kutoka kwa kaka alipomkopesha. Tuliomba uamuzi uangaliwe upya, wakakataa. Tuna mwezi mmoja kukata rufaa.

Je, taarifa hiyo pamoja na maelezo ya kaka yaliyotiwa saini vinatosha mbele ya baraza la rufaa? Au kaka mwenyewe aje kutoa ushahidi?