Naomba ushauri: siku mbili za maporomoko Springbrook na Lamington, nikiwa na mama mwenye goti bovu

Binti_Mchaga

Wakuu habari zenu. Niko Brisbane, Australia, mwaka wa tatu sasa na kwa aibu nakiri sijaukanyaga msitu wa huku zaidi ya kupiga picha kando ya barabara. Mwezi wa nne mama anakuja kunitembelea. Ana miaka 64, mkakamavu, ila goti la kulia linamsumbua. Kupanda hana shida, kushuka ngazi ndiyo kilio. Nitakuwa pia na mume wangu na kijana wetu wa miaka 9 ambaye kutulia hajui.

Gari tunalo, na tumepata siku mbili za katikati ya wiki kwa hifadhi hizi mbili za msitu, Springbrook na Lamington. Nimeandika orodha yangu ya maporomoko na sehemu za kutazamia: Purling Brook, Twin Falls, Natural Bridge, Best of All Lookout, Morans Falls, Elabana na Coomera. Mume wangu kaisoma kacheka, kasema hayo si matembezi, ni adhabu. Naomba mnisaidie kuichuja.

Halafu nasikia habari za ruba na mti unaowasha. Ni kweli au ni vitisho vya wenyeji? Na mama kashaniambia maporomoko kayaona Kilimanjaro tangu utotoni, kwa hiyo natafuta kitu asichokizoea.

Mzee_wa_Buti

Mumeo asilaumiwe kwa kucheka. Coomera peke yake ni mzunguko wa kilomita 17.4 kuanzia Binna Burra, upande mwingine wa Lamington, siku nzima hiyo kwa mtu mwenye magoti yote mawili. Elabana wengi huifikia kwa mzunguko wa Box Forest, karibu kilomita 11. Futa zote mbili, wala usione huruma.

Sasa nikwambie jambo ambalo lilinichukua safari tatu kulielewa. Sisi tumezoea mlima: unaanza chini, unapanda, ukichoka unageuka na mteremko unakurudisha nyumbani. Huku ni kinyume. Springbrook ni uwanda wa juu, gari linaegeshwa juu, na maporomoko yanaangukia chini ya miguu yako. Unaanza kwa kushuka ukiwa na nguvu, unapiga picha, unacheka, halafu unakumbuka kwamba gari liko kule juu. Mtoto atashuka mbio na atataka kubebwa wakati wa kupanda. Mama yako ndiyo kabisa, ile sehemu inayomuumiza inakuja mwanzoni, kabla hata hajaona kitu.

Kwa hiyo mama abaki ukingoni. Wala hatapunjwa, maana huku ukingo ndiyo wenye mandhari. Purling Brook inaanguka kiasi cha mita 100, na sehemu za kutazamia ziko mwendo mfupi tu kutoka uwanja wa mapumziko wa Gwongorella. Mzunguko mzima ni kilomita 4 na ngazi zake si za kuhesabu. Mumeo na kijana waufanye, wewe na mama mkae juu na chai yenu. Best of All Lookout ni mita 300 kwenda na 300 kurudi. Canyon Lookout unashuka tu kwenye gari, bonde lote liko mbele yako.

Siku ya pili nendeni Lamington upande wa Green Mountains. Ila usidanganywe na ramani: Springbrook na Lamington zinaonekana majirani, lakini kwa gari unashuka mpaka bondeni na kupanda upya, na barabara ya kutoka Canungra ni nyembamba, kona juu ya kona. Usijaribu zote kwa siku moja.

kijana_wa_mabonde

Napinga kidogo. Kuacha Twin Falls ni dhambi. Ni kilomita 4 tu, unapita katikati ya miamba iliyopasuka hadi mwili unagusa pande zote mbili, kisha unatembea NYUMA ya maji. Kilimanjaro kapita wapi nyuma ya maji huyo mama?

Mzee_wa_Buti

Kijana, soma swali. Goti.

kijana_wa_mabonde

Nimesoma mzee wangu. Basi aende baba na mtoto, Purling Brook wote waitazame kutoka juu. Moja kati ya hizo mbili inatosha kushukwa kwa siku.

Mzee_wa_Buti

Hapo tumeelewana.

Nesi_Mstaafu

Dada, kuhusu ruba na mti, vyote ni kweli, ila havilingani uzito.

Ruba ni kero tu. Mvua ikinyesha wanasimama kwenye majani kama nyuzi nyeusi wakinusa mguu unaopita. Mimi humgundua nikivua kiatu: soksi ina doa la damu ukubwa wa sarafu, na yeye kashashiba, kawa kama zabibu. Humsikii anapouma. Mkwangue kwa ukucha kuanzia upande ule mwembamba wa mdomo, bana kidonda kwa kitambaa, damu itachuruzika kidogo kisha itakata. Vaeni soksi ndefu, suruali ndani ya soksi. Mtachekwa na nani msituni?

Kupe ndiye wa kuangalia zaidi. Kuna jamii ya huku ambayo mate yake yanaweza kupoozesha. Mkirudi, mkague mtoto nyuma ya masikio, kwenye mstari wa nywele, kwapani.

Mti unaowasha chukulia upupu, halafu uzidishe usichoweza kuhesabu. Jani ni pana, umbo la moyo, limejaa vinyweleo vidogo kama sindano za kioo. Vinaingia kwenye ngozi na vinabaki humo. Kuna watu maumivu yamewarudia miezi kadhaa kila wakioga maji baridi. Unapenda sehemu zenye mwanga, yaani pale mti mkubwa ulipoanguka au kando ya njia. Mwanao asishike jani lolote asilolijua na asikate kona kupita vichakani. Ikitokea, USISUGUE. Bandika plasta au nta ya kunyolea vinyweleo, vuta, rudia, kisha hospitali.

Binti_Mchaga

Asanteni sana, nimecheka na nimeogopa kwa pamoja. Swali la nyongeza: ratiba yetu inaangukia baada ya wiki ya mvua. Ni bahati au ni balaa? Na je, kuogelea chini ya maporomoko?

Ukungu_Asubuhi

Bahati, kwa masharti. Maporomoko mengi ya huku yanategemea mvua za Desemba hadi Machi. Ukienda Septemba baada ya ukame unaweza kukuta mwamba umelowa tu na uzi wa maji. Mwezi wa nne ndio mzuri, maji bado yapo na joto limepungua. Tatizo ni ukungu. Mimi nimefika Best of All mara nne, mara mbili nimeona shuka jeupe. Siri yake ni uvumilivu: usigeuke baada ya dakika tano.

Kabla ya kutoka nyumbani angalieni matangazo ya hifadhi za Queensland siku hiyohiyo. Kimbunga Alfred cha Machi 2025 kiliangusha miti na kusababisha maporomoko ya udongo huku, na njia kadhaa zilifungwa kwa muda mrefu. Ukikuta uzio, rudi.

Kuogelea: Natural Bridge hairuhusiwi, kibao kipo. Kwingine mimi sikushauri kabisa chini ya maporomoko. Maji ni ya baridi kali, magogo yamelala chini huyaoni, na mawe huanguka kutoka juu bila kupiga hodi. Ukiwa karibu na kijito na ukaona maji yamebadilika kutoka maangavu kuwa ya kahawia, yanabeba majani na povu, ondoka hapo hapo. Mvua inaweza kuwa imenyesha juu wakati kwako kuna jua.

Mama_Wawili_BNE

Niongezee na langu, kwa sababu lilinipata. Nilikuwa navuka kijito peke yangu, nikaona jiwe zuri, kavu juu, nikakanyaga ubavuni ambako pana ukijani. Sikumbuki kuanguka, nakumbuka tu niko kwenye maji nimeukalia mkono. Kifundo kilivimba kama andazi. Simu haikuwa na mtandao, na sikuwa nimemwambia mtu yeyote naenda wapi. Nilitembea saa mbili na nusu kurudi, mkono nimeufunga kwa kanga niliyokuja nayo ya kukalia.

Siku hizi naandika kwenye karatasi: njia ipi, tunarudi saa ngapi, namwachia jirani. Dharura ni 000. Kuna programu ya simu inaitwa Emergency Plus, inakuonyesha ulipo ili uwasomee wanaokuja kukuokoa. Na msitu unaingia giza mapema kuliko anga: nje bado mchana, ndani huoni mizizi. Saa kumi jioni muwe mnarudi, na kila mtu awe na tochi yake.

Kiingilio hakuna, ni bure kutembea. Chakula na maji beba vya kutosha.

Profesa_wa_Mawe

Nimeona hakuna aliyejibu lile la "kitu asichokizoea". Mwambie mama kwamba ukingo anaosimama ni mabaki ya volkano kama Kilimanjaro, ila hii ilizimika zamani sana. Volkano ya Tweed ilikuwa hai kama miaka milioni 23 iliyopita. Mvua imeila ikabaki kingo, na katikati kumebaki kisiki chake, mlima Wollumbin, ambao Best of All inautazama. Maporomoko yote hayo ni maji yanayodondoka kwenye ngazi za lava.

Na kwenye zile mita 300 za kwenda Best of All, asipite haraka. Kuna miti ya Antarctic beech, shina limejaa kuvumwani kama limevishwa sweta. Ndugu zake wako Chile na New Zealand, tangu mabara haya yalipokuwa kitu kimoja, Gondwana. Shina kuu likizeeka na kufa, machipukizi huzuka kuzunguka kisiki, kwa hiyo unakuta miti imesimama duara kama wazee barazani. Misitu hii iliingia orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1986 kwa upande wa New South Wales, na ya huku Queensland ikaongezwa 1994.

Natural Bridge nendeni jioni. Kijito kimetoboa paa la pango na maji yanaanguka ndani yake. Giza likiingia, dari linawaka vidoti vya kijanibuluu. Watu wengi hudhani ni vimulimuli, lakini ni funza wa mdudu mdogo kama mbu, wanatega wadudu kwa mwanga. Msiwamulike tochi wala flashi, wanazima.

Binti_Mchaga

Wakuu, nimerudi na mrejesho, samahani nimechelewa.

Siku ya kwanza Best of All, saa tatu asubuhi, shuka jeupe kama alivyosema Ukungu_Asubuhi. Mume wangu akataka tuondoke. Mama kakataa, kakaa na chupa yake ya chai. Dakika ishirini na kitu hivi ukungu ukafunguka upande mmoja tu, kama mtu anayefunua pazia, na Wollumbin ikatokea ncha peke yake. Ukajifunga tena. Hakuna aliyepata picha.

Twin Falls walienda baba na mtoto, wamerudi wamelowa na wanagombana nani aliteleza kwanza. Purling Brook mama aliishika reli ya kutazamia, akachungulia kimya muda mrefu, kisha akasema: "Kwetu maji unayainulia shingo. Haya unayatazama kama umechungulia kisima." Nikajua tumefaulu.

Natural Bridge ngazi zipo, nisiwafiche, ila kilomita yenyewe ni moja na tulikwenda polepole na fimbo mbili. Ndani ya pango kijana wangu alinyamaza dakika kumi nzima. Sijawahi kuona.

Siku ya pili Morans Falls, kilomita 4.4 kwenda na kurudi, njia inateremka kwa kuzungukazunguka, goti likavumilia. Mvua ya rasharasha ilikuwa imepita na katikati ya njia tukakutana na kamba wa mtoni, buluu iliyokoza, miiba myeupe mgongoni, ukubwa wa kiganja cha mtu mzima. Badala ya kukimbia akanyanyua makucha yote mawili na kutufyonya! Mama akampisha, akamwambia "shikamoo mwenye nyumba".

Ruba: watano. Wanne kwangu, mmoja kwa mume wangu, mama na mtoto hakuna. Nesi, soksi zao zilikuwa ndefu, zangu fupi za urembo.

Fimbo moja ya kijani tumeisahau Gwongorella, kwenye meza iliyo karibu na njia. Atakayeiona aitumie tu.