Sungura jike amegeuka mkali tangu atolewe kizazi, ni kawaida?

MamaZuhura (Nairobi)

Habari zenu wapendwa. Naomba msaada wa yeyote anayewajua sungura wa kufugwa ndani, maana hapa kwangu hali si nzuri.

Tunao wawili. Dume ni Bafta, alihasiwa mapema mwaka huu. Jike ni Tende, ana miezi saba, naye tulimpeleka kutolewa kizazi kwa sababu alishaanza kunyunyiza mkojo kwenye mapazia na kumsumbua Bafta kutwa kucha. Tuliambiwa akishatolewa atapoa. Hii ni wiki ya tatu na mambo yamekwenda kinyume kabisa.

Zamani ukikaa sakafuni alikuja mwenyewe, akakupandia mapajani, akakulamba kiganja. Sasa nikiingiza mkono kizimbani kuchukua bakuli analaza masikio nyuma, anaunguruma, halafu anaurukia mkono na kuupiga kwa miguu ya mbele. Juzi alimng'ata Zuhura kwenye kifundo cha mkono hadi damu ikatoka. Mtoto ndiye aliyemlea huyu sungura tangu akiwa mdogo, na alilia zaidi kwa kukataliwa kuliko kwa jeraha. Usiku tunasikia anapiga sakafu kwa miguu ya nyuma. Na Bafta hataki hata kumwona: siku aliyorudi kutoka kliniki tuliwaweka pamoja kama kawaida, akamkimbiza mpaka manyoya yakatapakaa sebuleni. Tangu hapo kila mmoja ana kizimba chake.

Jambo jingine, siku za mwanzo baada ya operesheni alikuwa akijinyofoa manyoya ya kifuani na kubeba nyasi mdomoni, kama jike anayekaribia kuzaa. Baba Zuhura anasema tumemharibu, bora tungemwacha alivyoumbwa. Neno hilo limenikaa moyoni. Je, operesheni inaweza kumbadilisha sungura tabia moja kwa moja?

MfugajiThika

Pole mama. Mimi nafuga sungura wa kuuza, hao wa kulala na watu ndani sina uzoefu nao. Lakini kumtoa sungura kizazi naona ni kupoteza pesa. Jike mkali mpandishe, akishazaa anatulia. Akikataa kutulia basi ni damu yake, tafuta mwingine mpole. Mimi jike anayeng'ata hakai bandani kwangu.

HalimaLeicester

Mama Zuhura, pole sana, na Zuhura mpe pole yake peke yake. Mimi ni mtu wa Tanga, naishi Leicester huku Uingereza, na Jumamosi zangu najitolea kwenye makazi ya sungura waliotelekezwa. Huku kumtoa sungura jike kizazi ni jambo la kila siku, kwa hiyo majike wa namna ya Tende wamepita wengi mikononi mwangu.

Nianze na neno la Baba Zuhura kwa kuwa ndilo linalokuuma. Hapana, hamkumharibu. Sungura jike anayebaki na kizazi chake, awe amezaa au hajazaa, yuko katika hatari kubwa ya saratani ya mfuko wa uzazi. Katika baadhi ya aina za sungura, zaidi ya nusu ya majike waliovuka miaka 4 hukutwa nayo. Huwa tunaletewa wanaokojoa damu, na kwa wengine saratani imeshafika mapafuni, daktari hana la kufanya. Ndugu yangu wa Thika, sikubishii kuhusu biashara yako, ila jike wa nyama haishi hadi umri huo, ndiyo maana hujayaona haya. Na kuzaa hakumpoozi jike. Jike mwenye watoto ndiye mkali zaidi akiona mkono unakaribia kiota.

Sasa tumzungumzie Tende. Sungura anayegeuka mkali baada ya kisu, kwanza kabisa mchukulie kuwa anaumwa. Usimwite jeuri, usidhani analipiza kisasi. Sungura ni mnyama anayewindwa, na porini anayeonyesha maumivu ndiye anayekamatwa kwanza, kwa hiyo maumivu anayaficha. Halii wala hachechemei mbele yako. Anachoweza ni kuukataa mkono.

Naomba leo ukae mbali naye kidogo, umtazame wakati yeye hana habari na wewe. Macho yako wazi au yamefumbwa nusu? Mashavu yamejaa au yamebonyea? Mwaka 2012 watafiti walichapisha kipimo cha kusoma maumivu kwenye uso wa sungura, na wanatazama vitu vitano tu: macho, mashavu, pua, masharubu na masikio. Ukishazoea unakiona hata ukiwa mlangoni. Sikiliza na meno. Sungura anayepapaswa kichwa akasaga meno polepole, kwa sauti ndogo, huyo amestarehe. Anayesaga kwa nguvu huku amejikunyata pembeni anaumia. Angalia pia kama analala akibana tumbo sakafuni, anainuka, anahama, anabana tena. Halafu angalia choo chake. Punje zikianza kuwa ndogo na chache ni dalili mbaya, na sungura aliyepitisha muda wa saa 12 bila kula wala kutoa choo hasubiri kupambazuke, anapelekwa kwa daktari usiku huohuo.

Baada ya maumivu ndipo tufikirie homoni. Kizazi na ovari, yaani vifuko vya mayai, hutoka siku moja, lakini mwili hauzoei siku hiyohiyo, na tabia nayo hufuata polepole, mara nyingi wiki nne hadi nane. Wiki ya tatu ni mapema mno kusema huyu ndiye Tende mpya.

Hayo manyoya na nyasi yananieleza jambo jingine. Sungura jike hana siku za mwezi, hutoa mayai pale anapopandwa, na dume aliyehasiwa bado hupanda. Kwa hiyo huenda Bafta alimpanda kabla ya operesheni, mwili wake ukaamini una mimba. Mimba hiyo ya uongo huchukua siku 16 hadi 18 hivi, naye akapasuliwa ikiwa bado katikati. Jike wa hivyo analinda kiota kwa nguvu zote ingawa hakina mtoto hata mmoja. Usimfagilie lile rundo lake la nyasi, mwachie, siku hamu ikiisha atalivuruga mwenyewe.

Na Bafta hakumkana mwenzake. Sungura hutambuana kwa harufu, na Tende alirudi na harufu ya dawa, ya mbwa waliokuwa kliniki, na ya watu asiowajua. Kwa pua ya Bafta aliyeingia mlangoni alikuwa mgeni.

Niambie: dawa ya maumivu alipewa ya siku ngapi? Na mshono umeutazama kwa karibu?

MamaZuhura (Nairobi)

Dada Halima, Mungu akubariki. Nimemsomea Baba Zuhura ujumbe wako wote, amenyamaza na kusikiliza.

Dawa ya maumivu tulipewa ya siku mbili, na hatukuambiwa turudi. Anakula sukuma wiki na dania, ila nyasi kavu anagusagusa tu. Nimekaa kwenye kochi nikamtazama ulivyonielekeza. Analala akibana tumbo kwenye vigae, anainuka, anakwenda pembeni, anabana tena. Meno anasaga, na si polepole. Macho yamefumbwa nusu. Baadaye Baba Zuhura alimshika, mimi nikamtazama tumboni: nywele zimeanza kuota, ngozi imefunga vizuri, lakini kando ya mshono kuna kinundu, ukubwa wa harage. Zuhura anasema siku alipong'atwa alikuwa amemgusa papo hapo.

Jirani ana amoksilini ya maji ya mtoto wake, ananishauri nimpe kidogo kama ni usaha. Nimpe?

OfisaMifugo_Moro

Mama, USIMPE amoksilini. Nimesimamisha kazi niandike hili. Mimi ni ofisa mifugo hapa Morogoro. Amoksilini na ampisilini za kumeza huua bakteria wema wa utumbo wa sungura, wale wabaya wanaotoa sumu wakachukua nafasi, na mnyama anaharisha na kufa ndani ya siku chache. Mtoto wa binadamu inamponya, sungura inamuua.

Kinundu kwenye mshono kinaweza kuwa uzi ambao mwili umeukataa, kinaweza kuwa usaha, kinaweza kuwa henia, yaani utumbo umepenya ukutani mwa tumbo. Kwa maelezo au kwa picha huwezi kujua ni kipi, lazima daktari apapase. Mpeleke leo. Usimnyime chakula kabla ya kwenda hata wakisema huenda watamlaza kwa dawa ya usingizi. Sungura hatapiki, na tumbo lake likikaa tupu linasimama kufanya kazi. Beba nyasi na dania yake mwende nayo. Na waombe dawa ya maumivu kwa kipimo cha sungura, kwa maana cha mbwa ni kidogo kwake. Inayotumika sana ni meloksikamu.

MfugajiThika

Hiyo ya amoksilini sikuijua, na kwangu huwa tunachanganya dawa kwenye maji. Asante daktari, nitakuandikia pembeni. Mama tuambie kilichotokea.

MamaZuhura (Nairobi)

Samahani kwa kukaa kimya, nilitaka nione matokeo kwanza.

Nilimpeleka kliniki nyingine, yenye daktari anayeona sungura mara kwa mara. Si henia, alhamdulillah. Ni uzi wa ndani uliokataliwa na mwili, nyama ikavimba kuuzunguka. Wameutoa, wamesafisha, na tumepewa meloksikamu pamoja na dawa ya sindano ambayo wanamchoma wenyewe.

Jioni ya pili alilala amenyoosha miguu yote miwili nyuma, tumbo limelegea. Tangu operesheni sikuwahi kumwona akilala hivyo. Nyasi kavu za Boma Rhodes anazitafuna mpaka tunamsikia jikoni. Usiku hapigi tena sakafu. Nje ya kizimba anakuja, ananusa kidole, anakaa.

Lakini bakuli bado ni vita. Nikiligusa tu ananirukia. Zuhura naye sasa anaogopa, anatamani kumshika na mkono unamrudi. Na Bafta niwarudishe pamoja lini? Wananusana kwenye waya, sijui ni kwa heri au kwa shari.

HalimaLeicester

Nimefurahi mno. Huo uzi ungekaa pale, angeendelea kuitwa mkali hadi mwisho.

Bakuli ni jambo tofauti na maumivu. Kizimba ni nyumba yake, na jike huilinda hata akitolewa kizazi, ingawa ukali huo hupungua. Usiingize mkono yeye akiwa ndani. Mfungulie, mwache atoke kwa hiari yake, na akiwa nje ndipo ufagie na ubadilishe maji. Ukilazimika kuingia akiwemo, tangulia kuweka bakuli la pili upande wa mbali, akienda huko chukua la kwanza. Vaa shati la mikono mirefu. Akikurukia usiuvute mkono kwa kasi na usimpige hata kofi dogo. Ukiuvuta anajifunza kuwa kuruka kunafaa. Ukimpiga, mkono unakuwa adui kweli. Ulaze tu, utulie, aumalizie.

Tazama pia mkono unatokea wapi. Sungura anaona karibu pande zote, juu hata nyuma, lakini mbele kabisa ya pua hapaoni. Mkono unaoshuka kutoka juu ni mwewe kwake, na unaomfuata puani moja kwa moja humshtua kwa sababu unapotea machoni. Pita ubavuni, chini, kiganja kikigusa sakafu, umpapase paji la uso kwanza.

Zuhura asimbebe kwa sasa. Sungura wengi hawapendi kunyanyuliwa hata wakiwa wazima, na akirusha teke akiwa hewani anaweza kuvunja uti wa mgongo. Akae sakafuni na kitabu chake cha shule, aweke tawi la dania karibu na goti, asimwangalie. Tende akija, ajikaze asimguse. Kesho yake hivyohivyo. Atakapoanza kumsukuma goti kwa pua, hapo ampapase kichwani, aache kabla Tende hajachoka. Mwambie Zuhura hakukataliwa yeye, kilichoguswa ni kidonda.

Bafta asubiri. Kwanza daktari aseme jeraha la ndani limepona, kwa sababu atampanda, na uzito wake wote utakuwa mgongoni na tumboni mwa Tende. Kwa sasa badilishaneni vitambaa: cha Bafta kilale kwa Tende, cha Tende kwa Bafta, kila siku, mpaka kila mmoja akipokee bila kukikojolea. Siku ya kuwakutanisha tumia sehemu ambayo hakuna anayeimiliki, bafu lenu mfano, mkeka chini wasiteleze, nyasi nyingi katikati. Dakika chache zatosha. Wakifukuzana kidogo na kupandana, waache waendelee. Wakianza kuzungukana duara mkia kwa pua, watenganishe haraka kwa ubao au mto, usitumie mkono, hapo huwa wanararuana sehemu mbaya. Usiku kila mmoja kwake hadi uwakute wanalambana bila wasiwasi.

Na ikipita wiki ya nane naye bado ananyunyiza mkojo, anapanda, ananyofoa manyoya upya, rudi kwa daktari huyo huyo umwulize kama huenda kipande cha ovari kilibaki. Hutokea mara chache, lakini hutokea, na kinatolewa.