MJADALA: Kumbi za Mwanza ziwaache waimbaji wa gitaa waimbe nyimbo zao, au tuendelee na kopi tu, yaani nyimbo za wasanii wengine?

Mleta mada:
Wadau wa Rock City habari zenu. Naleta hili maana limenikaa rohoni wiki ya pili sasa. Ijumaa ile nilikuwa sehemu moja huku ufukweni Luchelele, kuna dada anapiga peke yake, gitaa kavu lile lisilo la umeme, maiki moja, spika mbili, basi. Kaimba kopi kama saba hivi, safi tu, watu wanakula sato wao wanapiga stori. Halafu akasema jamani huu unaofuata nimetunga mwenyewe, ni wa mama yangu anayeanika dagaa. Ubeti wa kwanza unasema mama haangalii saa, anaangalia mawingu. Nikaweka uma chini. Hata ubeti wa pili hajaufikisha, msimamizi kamfuata kamnong'oneza, dada wa watu kakata wimbo katikati karudi kwenye kopi. Nilipomuuliza baadaye akasema kaka ndio makubaliano yetu, zangu wanasema zinafukuza wateja.

Makubaliano hayo ndiyo nayapinga hapa.

Niseme ninapotokea. Mimi nimekuzwa na kanda ya Tracy Chapman, yule dada wa Marekani anayetunga na kuimba na gitaa lake. Baba mdogo alikuwa nayo pale Nyakato, ilikuwa imesikilizwa mpaka maandishi ya juu yamefutika, na Kiingereza nilikuwa sijui hata kidogo lakini nilikuwa najua huyu mtu ana huzuni ya kweli na hambembelezi mtu amwonee huruma. Ile sauti nzito nilidhani ni ya mwanaume mpaka nilipoonyeshwa picha. Na gitaa lake sasa! Kwenye ule wimbo wa gari, Fast Car, gitaa linazunguka palepale, palepale, kama injini imewashwa lakini gari halijaondoka, anasimulia weee, kisha kwenye kiitikio ngoma zinaingia na hapo ndipo unasikia gari limeondoka kweli. Nilipokuja kuelewa maneno nilikaa kimya. Binti kaacha shule amwangalie baba mlevi, anafanya kazi dukani, kapata mwanaume mwenye gari akaona ndio njia ya kutoka, na yule mwanaume naye mwisho wake ni pombe. Jamani hii si mitaa yetu ya Igoma? Si Buhongwa? Tena album hiyohiyo ana wimbo anauimba bila chombo chochote, sauti tupu, wa jirani anayesikia mwanamke anapigwa nyuma ya ukuta na polisi wanachelewa kufika. Ngoma hakuna, gitaa hakuna, na huwezi kuondoka ulipokaa.

Sasa sikilizeni. Tarehe 11 Juni 1988 pale Wembley, London, lilipigwa tamasha la kutimiza miaka 70 ya Mandela, mzee mwenyewe bado yuko gerezani. Tracy alikuwa mgeni kabisa, album yake ya kwanza ilikuwa na miezi miwili, alishaimba mapema akamaliza zamu yake. Ikafika zamu ya Stevie Wonder, kumbe kifaa kilichobeba muziki wake hakionekani, akaondoka bila kupiga, akaja kurudi baadaye. Uwanja umejaa, televisheni za dunia ziko hewani. Wakamrudisha Tracy na gitaa lake moja maana yeye hakuhitaji kufungiwa mitambo. Akasimama mbele ya ule umati akaimba ALICHOTUNGA MWENYEWE, watu waliokuwa hawamjui wakanyamaza wakasikiliza, na baada ya hapo album ikauzwa mamilioni. Mwaka uliofuata kabeba tuzo tatu za Grammy, zile kubwa za muziki Marekani. Je angekuwa na msimamizi wa kumnong'oneza, imba zinazojulikana?

Mdau wa Kirumba:
Mkuu nimekusoma, ila mimi ndio hao wenye kumbi unaowasema. Kaukumbi kangu ni meza kumi na sita. Jumamosi mteja kachoka na wiki nzima, anataka wimbo anaoujua aitikie, nikimpa mwimbaji saa nzima ya nyimbo ambazo hakuna anayezijua naona meza zinaitisha bili moja baada ya nyingine. Umeme nalipa mimi, mhudumu nalipa mimi. Halafu huyo Tracy wako amerudi mjini kwa sababu ya kopi! Yule Luke Combs, mwimbaji wa country wa Marekani, alivyouimba upya ule wimbo wa gari 2023 ndipo watoto wetu wakamjua. Kwa hiyo kopi si adui.

Mdau wa Pasiansi:
Mimi naongezea kwamba hayo ya mtu mmoja kukaa na gitaa analalamika ni ya kizungu, huku kwetu muziki ni ngoma, ni bendi, watu wanacheza. Asiyechezesha watu akaimbie nyumbani kwake.

Mleta mada:
Wa Pasiansi ndugu yangu hapo umewakosea wazee wetu sana. Vuka ziwa nenda Bukoba uone enanga, zeze la Wahaya, mtu mmoja, nyuzi zake mapajani, anasimulia habari za watawala na vita usiku mzima na watu wamekaa wanasikiliza. Panda Mara, Wakurya wana litungu, Wajaluo wana nyatiti ya nyuzi nane, zote ala za nyuzi, mpigaji anaimba peke yake anamtaja marehemu, anamtaja tajiri mchoyo, anakutaja na wewe uliyekaa pale. Hiyo kwa lugha ya leo si ndio mtunzi na gitaa lake? Na sisi Wasukuma, yale makundi mawili ya ngoma, Bagika na Bagalu, wanaposhindana pale Bujora kwenye sherehe ya Bulabo, manju, yaani mtunzi na kiongozi wa ngoma, anapimwa kwa alichotunga yeye. Atakayekuja na nyimbo za manju wa upande wa pili nani atabaki kumsikiliza? Kwa hiyo anayemkataza yule dada wimbo wake wa dagaa ndiye aliyeacha mila, si dada.

Wa Kirumba wewe una hoja na nakuheshimu kwa kusema wazi kwamba ni wewe. Ni kweli kopi ya Combs imemrudisha Tracy, nami nilifurahi nusu ya kulia walipoimba wote wawili kwenye Grammy Februari 2024, mama ana mvi sasa, anatabasamu, gitaa lilelile linazunguka palepale. Lakini kaka, pale kuna kitu cha kukopi kwa sababu kuna mtu alikaa akatunga kwanza. Mwanza tukikataza watu kuimba vyao, watakaokuja wakopi nini cha kwetu?

Mdau wa Nyegezi:
Mtu asisahau upande wa hela. Tracy ndiye mtunzi pekee wa ule wimbo kwa hiyo Combs akiimba, mirabaha ya utunzi inamfuata mama. Novemba 2023 wimbo ukapewa tuzo ya CMA, zile za muziki wa country Marekani, ya wimbo bora wa mwaka, miaka 35 baada ya kutoka, na mtunzi mweusi hakuwahi kuipata kabla yake. Na hachezewi: rapa Nicki Minaj alitumia wimbo wake mwingine baada ya kunyimwa ruhusa, wakaenda mahakamani, 2021 yakaisha kwa dola 450,000. Kwetu sheria ya hakimiliki ipo tangu 1999 na COSOTA, ofisi ya hakimiliki, ipo. Dada anayeimba kopi miaka kumi anapata hela ya usiku ule tu, ila akiwa na nyimbo kumi zake ana kitu cha kumwachia mtoto.

Mdau wa Kirumba:
Hilo la mtoto limenigusa, sitabisha. Ila Jumamosi sigusi. Naweza kujaribu Jumatano, watu ni wachache hata hivyo, kopi mbili mwanzo watu wakae sawa, kisha zake nne, na muziki wa spika nyingine nazima kabisa. Malipo yaleyale ya Jumamosi siwezi, nusu yake pamoja na chakula.

Mleta mada:
Nusu ni ndogo kaka, ongeza kidogo, bodaboda tu kutoka Luchelele usiku unaijua. Mimi naleta watu wanane na nitakaa nao mbele kabisa. Ila kopi ziwe mwisho, zake zitangulie, watu wakiwa hawajalewa. Namtafuta leo jioni nimuulize kama ule wa mama yake ameumaliza.