Uwanja wa nyumba Tanga umegeuka pori, nianzie wapi?

mwana_chumbageni:
Wakuu habari za leo. Nyumba ya mzee hapa Tanga mpangaji alihama kitambo, tumerudi tunakuta uwanja ni pori, majani yananifika kiunoni, mitunguja imejaa, bogenvilia imepanda hadi juu ya bati, na kule nyuma chini ya mwembe ni udongo mtupu. Zamani palikuwa na ukoka safi kabisa. Jirani anasema piga kiberiti halafu lima lote uanze upya, wife hataki kusikia habari za moto. Bajeti ya kuungaunga. Mnanishaurije?

Fundi Bustani:
Msikilize shemeji, na upepo wa pwani huo utaunguza nyumba. Na jembe usiguse kwanza!! Tafuta kijana afyeke, avae gambuti na awe anapigapiga fimbo mbele, pori kama hilo nyoka hawakosi. Asishushe hadi chini siku moja, aache kama urefu wa kiganja, majani yote yakusanywe kwa reki yatoke hapo, ndo baada ya wiki mbili tatu unashusha tena. Ukoka ukiona jua unatambaa wenyewe. Mitunguja subiri mvua ing'oke na mizizi.

mama_Raha:
Usikute unachokiita ukoka ni ndago. Shika kikonyo cha ua ukizungushe kwenye vidole, cha ndago kina pembe tatu, ukoka hauna. Kama ni ndago jembe litakumaliza, kule chini kuna vijiazi vimeungana kama shanga, ukilima unavitenganisha na kila kimoja kinaota kivyake

mwana_chumbageni:
Nimetoka kuangalia na tochi hapa 😂 mbele ni ukoka kweli, ila kona ya karo pembe tatu kibao. Nipige dawa?

Dogo Pembejeo:
Glaifoseti inazipata, ila pulizia zikiwa bado changa hazijatoa maua, na siku isiyo na mvua. Inaua kila cha kijani kwahiyo ukoka usiuguse, piga kona hiyo tu, vaa glavu na barakoa. Utarudia, vijiazi vingine vinakuwa vimelala.

mama_Raha:
Kikona tu hicho mi ningechimbua taratibu na kuchekecha udongo, watoto wanacheza hapo jamani. Chini ya mwembe achana na ukoka, haupendi kivuli, weka zile nyasi za Pemba za jani pana, omba vipande kwa mtu uchomeke masika yakianza. Bogenvilia kata bila huruma itachipua, miiba tu ndo shughuli

mwana_chumbageni:
Poa sana. Samadi nimwage sasahivi? Kuna mtu ana ya ng'ombe ya bure

Fundi Bustani:
Muulize imekaa muda gani. Kama bado mbichi irundike pembeni ioze kwanza, ng'ombe anakula magugu na mbegu zake, ukiimwaga hivyo utafyeka tena.