Left Behind au Lord of the World: tununue kipi?

Mama Abigaeli: Bwana asifiwe wapendwa. Kikundi chetu cha akina mama kimemaliza kusoma Ufunuo, sasa wanataka riwaya ya siku za mwisho. Dada mmoja anasema Left Behind. Mume wangu anang'ang'ania Lord of the World. Hela ipo ya kitabu kimoja tu. Tushike kipi?

Mzee wa Zamu: Ameni. Left Behind nimevisoma vyote 16, cha kwanza kilitoka 1995 na cha mwisho 2007. Ndege iko angani kuelekea London, mara abiria hawaonekani, nguo zimebaki kwenye viti. Rubani mwenyewe mkewe kaokoka yuko nyumbani, yeye macho yako kwa mhudumu wa ndege. Ukikishika jioni hulali. Ila ujue cha kwanza hakiishi, kinakukabidhi kwa cha pili, na cha pili kwa cha tatu. Kwa hela ya kimoja mtaumia.

katekista_msaidizi: Tumsifu Yesu Kristo. Mimi niko na mumeo. Lord of the World ni cha 1907, kimoja na kimekwisha. Aliyeandika ni padri Robert Hugh Benson, mtoto wa Askofu Mkuu wa Canterbury, mkuu wa Waanglikana, na yeye Benson akaingia Ukatoliki 1903 (fikiria hayo maneno ya ukoo!). Mpinga Kristo wake, Felsenburgh, hatishi mtu. Analeta amani, na watu wanampenda hadi wanalia. Mgonjwa akichoka kuishi, sheria inaruhusu auawe kwa "huruma", na jirani hashtuki. Hapo ndipo niliogopa, kuliko mapigo yote ya Left Behind. Papa Francis naye aliwahi kuwahimiza watu wakisome. Utangulizi wake ni siasa tupu, urukeni kwanza.

Neema wa Pili: Mbona hamumwambii kwamba vitabu hivi havipatani? Left Behind imesimama juu ya unyakuo, yaani waamini kuchukuliwa ghafla juu kwa Bwana, unaotangulia dhiki ya miaka saba. Fundisho hilo lilienezwa na mhubiri John Nelson Darby karne ya 19, kisha Biblia ya Scofield ya 1909, yenye maelezo pembeni, ikalisambaza Marekani. Kwa Benson hakuna anayeondolewa mapema. Kanisa linapungua, linapungua, mpaka wanabaki wachache. Kwa hiyo angalieni kwanza mna nani kikundini. Sisi kwetu dada mmoja alianza kupiga hesabu za miaka kwenye daftari, tukamsomea Mathayo 24:36, kwamba siku ile hakuna aijuaye, akanuna mwezi mzima.

Mzee wa Zamu: Na 1 Wathesalonike 4:17 umeiacha wapi? "Tutanyakuliwa" kaandika Paulo, si Darby.

Neema wa Pili: Shikamoo mzee wangu. Neno sikatai. Tunabishania ni lini.

kijana_wa_kwaya: Filamu ya Left Behind ya 2014, ya Nicolas Cage, ipo pia. Nimeiona. Nunueni kitabu.

Mama Abigaeli: Asanteni. Tuko Walutheri wengi, Wapentekoste wawili na Mkatoliki mmoja. Kiingereza chetu ni cha kidato cha nne. Kipi chepesi?

katekista_msaidizi: Hapo nasalimu amri: Left Behind. Sentensi fupi, watu wanaongea tu. Benson ni Kiingereza cha kizamani, na mwishoni anawaletea Kilatini cha ibada. Lakini alifariki 1914, haki za kitabu zimeshakwisha, mtandaoni kinapakuliwa bure na si wizi. Hela nunulieni kile kingine.

Mzee wa Zamu: Hilo naliunga mkono. Cha kwanza tu, halafu mjizuie kama mtaweza.

Mama Abigaeli: Mume wangu akisikia chake ni cha bure, leo hatutakula kwa amani. Nimeshakipakua kwenye simu. Jumatano nawasomea sura ya kwanza ya kila kimoja, nione wapi watasinzia.