Ripoti ya hitilafu isiyo na mfano: ifungwe baada ya siku 30, au isubiri?

Mleta hoja, Kampala

Hoja ni hii. Mtu ameripoti hitilafu kwenye lugha huria ya programu, tuseme Python, lakini hakuweka msimbo mfupi unaoirudia. Mtunzaji ameomba maelezo, hajajibiwa. Siku 30 zimepita. Ripoti ifungwe au ibaki wazi?

Lugha zenyewe hazikubaliani. Kwenye Go, ripoti ikiwekewa lebo ya kusubiri maelezo na aliyeileta akanyamaza kwa mwezi, roboti inaifunga. Kwenye Python, kiraka (pendekezo la badiliko la msimbo) kilicholala siku 30 kinabandikwa lebo kwamba kimechakaa, lakini hakifungwi kwa sababu hiyo.

Msimamo wangu: siku zihesabiwe pale tu zamu ni ya mleta ripoti. Akishajibu, hesabu isimame, hata watunzaji wakikaa mwaka mzima bila kuigusa. Kumfungia mtu aliyejibu kila alichoulizwa, eti kwa sababu wenye mradi hawakupata nafasi, ni kumwadhibu asiye na kosa. Huyo haripoti tena.

Tusibishane hewani, kwa hiyo naeleza ripoti kamili ninayoisema. Iwe na toleo kamili (matokeo ya `python -VV`, siyo "Python mpya"), mfumo wa kompyuta, msimbo wa mistari kumi hivi unaoendeshwa bila faili la pembeni, ulichotarajia, ulichopata, na maandishi yote ya kosa kuanzia mstari wa kwanza mpaka wa mwisho. Maandishi, si picha ya skrini iliyopigwa kwa simu. Picha haitafutiki, haibandikiki kwenye kompyuta ya mhakiki, na mara nyingi imeukata mstari wa chini kabisa, ambao ndio unaotaja aina ya kosa.

Mhakiki wa viraka, Jinja

Ndugu wa Kampala, mimi nasema ifungwe, tena mapema. Ripoti iliyo wazi ina gharama. Python ina maelfu ya ripoti zilizo wazi, na wanaozisoma ni wachache, wengi wao wa kujitolea. Kila ripoti isiyofanyiwa kazi inafukia nyingine ambayo ingefanyiwa.

Chukua lalamiko ambalo mtumiaji yeyote wa Uganda anaweza kulileta: "Python inakosea saa za Kampala." Basi, imeishia hapo. Mhakiki ashike wapi? Sasa weka mistari hii minne:

```
from datetime import datetime
import pytz
d = datetime(2024, 3, 5, 9, 0, tzinfo=pytz.timezone("Africa/Kampala"))
print(d.astimezone(pytz.utc))
```

Saa tatu asubuhi ya Kampala ni 06:00 kwa saa za UTC (saa ya kimataifa), maana tuko saa tatu mbele. Msimbo huu unatoa 06:33. Mwenye uzoefu akiziona hizo dakika 33 tu ameshajua ugonjwa. Kwenye hazina ya majira ya saa inayotumiwa na mifumo mingi ya kompyuta, Africa/Kampala imeunganishwa na Africa/Nairobi, na ingizo la kwanza kabisa la Nairobi ni saa ya jua ya zamani, kabla ya kuwekwa saa rasmi, ambayo ni saa 2 na dakika 27 mbele ya UTC. Ukiipa `tzinfo` eneo la pytz moja kwa moja, linachukuliwa hilo ingizo la kwanza. Toa 2:27 kwenye 3:00 unabaki na 33.

Dawa ni kuandika `pytz.timezone("Africa/Kampala").localize(datetime(2024, 3, 5, 9, 0))`, au kuachana na pytz na kutumia `zoneinfo`, iliyoingia Python toleo la 3.9 mwaka 2020. Na pytz si sehemu ya Python, ni maktaba ya pembeni, kwa hiyo ripoti ilipelekwa nyumba isiyo yake. Yote hayo yanaonekana ndani ya dakika moja kwa mistari minne. Bila hiyo mistari, watu watatu wanaulizana maswali wiki nzima.

Vivyo hivyo kwa anayelalamika kwamba `round(2500.5)` imempa 2500 huku `round(2501.5)` ikimpa 2502, akadhani shilingi imepotea. Hiyo si hitilafu: Python 3 ikikuta nusu kamili huenda kwenye namba shufwa iliyo karibu, na nyaraka zinasema hivyo. Anayetaka nusu ipande daima atumie `decimal` na `ROUND_HALF_UP`.

Mwalimu wa programu, Mbarara

Mfano wa ndugu wa Jinja ni mzuri, lakini mimi unanipeleka upande mwingine. Mtego wa dakika 33 umewanasa watu wengi kwa sababu msimbo ule unaonekana sahihi kabisa. Lalamiko butu la "saa zimekosea" lilikuwa linaelekeza kwenye tatizo la kweli, hata kama aliyeleta hakujua kulieleza. Ukilifunga kimyakimya, anayefuata hatalikuta akitafuta, ataandika upya, nawe utaomba maelezo yaleyale.

Zoneinfo nayo ina mtego wake. Windows haibebi hazina ile ya majira kwa namna Python inavyoihitaji, kwa hiyo `ZoneInfo("Africa/Kampala")` inaleta kosa kwamba eneo hilo halipatikani. Kijana anahitimisha kwamba Python haiijui Kampala. Dawa ni `pip install tzdata`, na basi. Ripoti kama hiyo ijibiwe kwa mstari mmoja, kisha ifungwe ikiwa na sababu yake. Nakubali kufunga. Nakataa kufunga bila sababu.

Halafu kuna hitilafu ambazo hazikubali kufupishwa. Programu yenye nyuzi kadhaa (kazi zinazokwenda sambamba) inaenda saa sita, kisha inazimika ghafla bila kuacha neno. Mistari kumi utaitoa wapi? Hapo mtu aambiwe la kufanya. Aendeshe kwa `python -X faulthandler programu.py`, ili programu ikizimika iandike kila uzi ulikuwa kwenye mstari gani. Kisha ajaribu `-X dev`, inayowasha ukaguzi wa kumbukumbu na maonyo yaliyofichwa. Kisha aondoe maktaba za pembeni zilizoandikwa kwa lugha ya C, mojamoja, maana mara nyingi mkosaji yuko huko. Hatua hizo tatu zinaweza kula mwezi mzima kama hitilafu inatokea mara moja kwa wiki. Siku 30 hapo hazina maana yoyote.

Mtumiaji, Arua

Naongeza jambo ambalo halionekani ukiwa kwenye ofisi yenye intaneti ya waya. Mtunzaji anaandika: "Tafadhali jaribu kwenye tawi kuu, kisha utafute kwa `git bisect` badiliko lililoleta tatizo." Sentensi fupi. Huku kwetu maana yake ni kupakua historia nzima ya mradi, mamia ya megabaiti, kwa bando la simu, umeme ukikatika katikati, na `git clone` iliyokatika haiendelei ilipoishia. Inaanza upya, na bando limekwenda. Huyo mtu hajapuuza. Yuko anangoja mwisho wa mwezi.

Na kuna lugha. Wapo wanaojua msimbo vizuri lakini Kiingereza cha kujieleza kwa aya tano hawana. Kwa nini ripoti isipokelewe kwa Kiswahili?

Mhakiki wa viraka, Jinja

Ndugu wa Arua, hilo la bando umelisema sawa, na lina njia.

Usianze na bisect. Anza na matoleo. Sakinisha 3.11, 3.12 na 3.13, endesha mfano wako kwenye kila moja, kisha andika: "3.11 na 3.12 ziko sawa, 3.13 imeharibika." Sentensi hiyo imeondoa sehemu kubwa ya msako, na mwenye intaneti nzuri atamalizia. Bisect inagawa katikati kila mara, kwa hiyo mabadiliko 1000 yanahitaji hatua 10 tu. Kwake ni kazi ya alasiri moja.

Ukitaka tu kujaribu tawi kuu, `git clone --depth 1` inaleta hali ya leo bila historia, na ni nyepesi kuliko clone nzima. Lakini kwa kina hicho bisect haiwezekani. Wengi wanashtuka hapo. Chaguo la kati ni `--filter=blob:none`: unapata orodha ya mabadiliko yote, na yaliyomo kwenye mafaili yanapakuliwa pale tu unapoyahitaji. Kumbuka basi kwamba kila hatua ya bisect itataka mtandao.

Kisha ijenge Python kwa `./configure --with-pydebug` na `make -j2`. Kabla ya hapo, kwenye Ubuntu, weka `libssl-dev`, `libffi-dev` na `zlib1g-dev`. Ukizisahau, make inaweza kumaliza kwa amani huku ikitaja chini kabisa kwamba moduli kadhaa hazikujengwa. Watu hawasomi mistari ile, kisha wanaripoti kwamba `ssl` imevunjika kwenye tawi kuu.

Mleta hoja, Kampala

Kuhusu lugha: Ruby, iliyozaliwa Japani, kwa miaka mingi ilikuwa na orodha mbili za majadiliano ya wajenzi wake, moja kwa Kijapani na moja kwa Kiingereza. Kwa hiyo haiko nje ya uwezekano. Iliwezekana kwa sababu wajenzi wenyewe walikuwa Wajapani. Sisi hatuna watunzaji wanaosoma Kiswahili kwenye hizo lugha, na ripoti isiyosomeka na mtu yeyote inaishia palepale. Kwa sasa mfano mfupi ndio mkalimani: mistari minne, chini yake "natarajia 06:00", "napata 06:33". Kiingereza kinachohitajika hapo ni maneno mawili.

Mwalimu wa programu, Mbarara

Kwenye hilo sikubali moja kwa moja. Vijana wa hapa wanaweza kuandikiana kwa Kiswahili wao kwa wao, wakaikamilisha ripoti, ndipo mmoja aipeleke. Uchambuzi wa kwanza haulazimiki kufanyikia kwa watunzaji.

Mtunza maktaba, Gulu

Mmeshikilia ripoti, mmesahau viraka, na huko ndiko kufunga kunakouma zaidi, maana mtu ameshatoka jasho.

Kiraka kinachokaa bila kuangaliwa mara nyingi kina kasoro mojawapo kati ya hizi mbili. Ama hakina jaribio (msimbo unaokagua kwamba hitilafu imeondoka), ama kimechanganya mambo. Jaribio sahihi linashindwa kabla ya kiraka na linapita baada yake. Lithibitishe mwenyewe: rudisha faili ulilorekebisha kwenye hali ya zamani, acha jaribio, endesha `./python -m test test_datetime`. Likipita hata hitilafu ikiwepo, halipimi kitu. Nimetaja datetime kwa mfano tu. Endesha la moduli uliyogusa, kisha majaribio yote kwa `-j2`, maana dosari za kumbukumbu hujitokeza mbali na ulipogusa.

Kuchanganya ni pale mtu anaporekebisha mistari mitatu, kisha kihariri chake kinapanga upya nafasi za faili zima. Mhakiki anaona mistari 400 imebadilika, asijue mitatu iko wapi. Kiraka kama hicho kirudishwe siku hiyohiyo kikiwa na maelezo, siyo kuachwa kizeeke.

Jingine wengi hawalijui: rekebisho la Python linaingia kwanza tawi kuu, ndipo linanakiliwa kwenye matawi ya matoleo yanayotunzwa. Roboti inafanya kazi hiyo kwa lebo, na mgongano ukitokea inabidi mtu aufanye kwa mkono. Matawi ya zamani zaidi yanapokea marekebisho ya usalama pekee. Ukitengeneza kiraka cha kawaida juu ya toleo lililoko kwenye kompyuta ya shule, ambalo huenda limeshafika hatua hiyo, kitakataliwa hata kiwe kizuri namna gani.

Na kwa wanaosema watunzaji wasukumwe: taratibu. Machi 2024 iligundulika kwamba matoleo 5.6.0 na 5.6.1 ya xz, programu ya kubana mafaili, yalikuwa na mlango wa siri. Aliyeupandikiza alikuwa amepewa madaraka baada ya mtunzaji mmoja aliyechoka kubanwa hadharani na sauti za kulalamika kwamba viraka vinachelewa. Mwaka 2021 viraka viwili vya hila viliingizwa kwenye hifadhi ya lugha ya PHP kwa majina ya watunzaji wake wawili, vikijifanya vinasahihisha makosa ya tahajia. Vilikamatwa kwa sababu kuna watu walikuwa wanasoma kila kinachoingia. Bora kiraka kisubiri kuliko kiingie bila macho.

Mtumiaji, Arua

Lakini huohuo mkasa wa xz uligunduliwa na nini? Andres Freund, mhandisi wa hifadhidata ya PostgreSQL, aliona kuingia kwenye kompyuta ya mbali kwa ssh kunachelewa kama nusu sekunde, akafuatilia. Lalamiko la "imekuwa nzito kidogo" likija bila mfano, kwa kanuni ya ndugu wa Jinja lingefungwa.

Mhakiki wa viraka, Jinja

Lisingefungwa, kwa sababu yeye alipima, akafuatilia, akaleta ushahidi. Ndicho ninachokidai.

Hata hivyo nalegeza hapa: lebo ya kusubiri iwekwe na mtu, si roboti, na ujumbe wa kufunga utaje kitu kimoja mahususi kitakachoifungua tena. "Tupe matokeo ya `-X faulthandler`", siyo "hakuna shughuli". Siku ziwe 60 badala ya 30 pale mleta ripoti ameandika kwamba mtandao wake ni wa shida.

Mwalimu wa programu, Mbarara

Hapo tumekaribiana. Linalobaki kwangu ni ripoti iliyo kamili, mfano upo, hitilafu imethibitishwa, lakini mleta ripoti hawezi kuandika jaribio kwa C wala kwa Python. Jinja, hiyo utaifunga?

Mhakiki wa viraka, Jinja

Hapana. Hiyo inabaki wazi, na mfano wake ndio unaogeuzwa kuwa jaribio. Mwanafunzi wako wa mwaka wa pili anaweza kuifanya hiyo kazi leo jioni bila kujua C hata kidogo.